Tamthilia Nzuri Zinazokufa Jumapili Usiku

Kikundi kinachozuru shule za upili za Kenya kuigiza vitabu teule huja na watu saba au wanane, masanduku mawili ya maleba, ngoma moja na kipaza sauti cha kukodi. Jukwaa hakiji nalo. Meza za bwalo husukumwa ukutani, shuka hufungwa kwenye nguzo mbili ikawa pazia, na kabla harufu ya maharagwe haijatoka humo ndani, mbele ya wanafunzi mia kadhaa huchipuka nchi nzima. Ina mtawala, ina soko, ina jela, ina hata kilabu cha pombe.

Hivyo ndivyo nilivyoitazama Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, katika shule moja ya huku kwetu Pwani, wakati ilipokuwa ikitahiniwa katika KCSE. Mwalimu wa Kiswahili, rafiki yangu, alinikaribisha nikaketi nyuma na walimu wenzake. Ofisi ya mtawala Majoka ilikuwa kiti kimoja chenye mto mwekundu. Kiti hicho hicho kilipolazwa ubavu kikawa jela ya Ashua, na kilipoondolewa kabisa tukajikuta Mangweni kwa walevi. Mlinzi aliyemkokota Ashua akarudi baadaye akiwa mlevi Ngurumo, anayumba, shati limetoka nje. Wanafunzi walimtambua, wakacheka, wakanong'onezana. Baada ya sentensi tatu nne kicheko kikakatika chenyewe. Walikuwa wamekubali kwamba huyu ni mtu mwingine.

Tamthilia yenyewe walikuwa wameikariri. Walijua dondoo, walijua muktadha, walijua maudhui na mbinu za uandishi. Walijua kwamba Husda, mke wa Majoka, atawafumania Ashua na Majoka ofisini na kwamba patatokea vita. Lakini Husda aliposimama mlangoni, bwalo zima lilivuta pumzi kwa pamoja na wasichana wa safu ya mbele wakainuka vitini. Jambo ambalo kwa miezi mingi lilikuwa swali la alama nne likawa, kwa mara ya kwanza, fedheha ya mwanamke aliyekwenda kuomba msaada kwa ajili ya watoto wake akaishia kupigwa na mke wa mwenye ofisi. Rafiki yangu mwalimu aliniambia kwamba wiki iliyofuata darasa lilibishana juu ya Husda kwa saa nzima, na hakuna aliyefungua mwongozo.

Mimi si mwigizaji wala mwelekezi. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu anayelipa kiingilio, akaketi, akatazama, kisha akarudi nyumbani akiwa na jambo la kuwaza njiani. Na tangu siku ile ya bwaloni nimezidi kuamini kwamba michezo midogo, inayochezwa na watu wachache wasio na fedha, haina upungufu unaodhaniwa. Watu wengi huiona kama mazoezi ya kitu kikubwa kitakachokuja baadaye, yaani filamu, runinga, jumba lenye viti vya mahameli. Mchezo wa watu saba umekamilika ukiwa hivyo hivyo. Unachokosa ni mambo mawili tu: muda wa kuiva, na hadhira inayokubali kwamba kazi ile ina bei.

Nieleze kwanza kwa nini nasema umekamilika.

Mchezo mdogo humtwika mtazamaji nusu ya kazi. Filamu ikitaka mto, huuonyesha mto. Mwigizaji asiye na kitu hupiga magoti sakafuni, huchota kwa viganja vitupu, na mto tunautia sisi tulioketi. Kila mmoja hutia mto wake. Aliyekulia kando ya Tana hutia Tana, aliyekulia Kilombero hutia Kilombero. Mto tuliousaidia kuwapo hatuusahau upesi.

Ebrahim Hussein aliyajua haya kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kinjeketile yake, iliyochapishwa 1969 na kuigizwa kwanza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inahusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vita vilivyoenea kusini yote ya Tanganyika. Mtu angedhani kuigiza jambo hilo kunahitaji majeshi. Lakini tamthilia yenyewe inaanza na wanawake wawili, Bi Bobali na Bi Kitunda, wanaozungumza juu ya njaa. Chakula hakuna, wanaume wamechukuliwa kwenda kulima mashamba ya Mjerumani. Kutoka kwenye mazungumzo hayo ya jikoni ndipo vita vinakuja. Na tukio kubwa kuliko yote, pale Kinjeketile anapotwaliwa na nguvu asiyoiona na kuvutwa hadi mtoni, halihitaji chochote ila mwili wa mtu mmoja anayejua kuutumia.

Nimeiona sehemu hiyo ikichezwa na vijana katika uga wa nyumba ya sanaa Dar es Salaam, chini ya mwembe, taa mbili zimefungwa matawini. Kijana aliyekuwa Kinjeketile alianguka kwa tumbo, akaanza kuburutwa. Aliyemburuta hakuwapo, lakini sote tulimwona akiburutwa: kifua kilikwaruza mchanga, vidole vilishika ardhi na kuachia, macho yalikuwa ya mtu anayetaka kubaki. Nyuma yake mpigangoma mmoja aliongeza mwendo kidogo kidogo. Mtoto aliyeketi miguuni pangu aligeuka nyuma kutazama mahali kijana alikokuwa akivutwa, kana kwamba mto uko nyuma ya viti vyetu. Sidhani kama mashine yoyote ya moshi au pazia lolote la picha lingeongeza kitu pale.

Hussein alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1976 alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, tamthilia za msimulizi mmoja, zilizojengwa juu ya ufundi wa hadithi za jioni ambao wengi wetu tumeupata kwa bibi zetu. Mwandishi aliyesomea sanaa za jukwaa Berlin, akaandika tasnifu ya udaktari juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki, aliporudi nyumbani alichagua mtu mmoja aliyesimama mbele ya watu na kusema. Ninashangaa kwamba maandishi haya mawili hayachezwi kila mwaka katika kila mji wa Waswahili. Yanahitaji mtu mmoja. Hayana gharama ya maleba. Kinachohitajika ni sauti iliyofundishwa na moyo wa kukaa na ushairi mgumu mpaka ufunguke, na huo ndio mtaji ambao vikundi vyetu vidogo vinao au vinaweza kuupata.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa London. Mwaka 2012 jumba la Shakespeare's Globe lilialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, na kikundi cha waigizaji wanane kutoka Afrika Mashariki, kilichojiandaa Nairobi, kikaenda na Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Joshua Ogutu. Falstaff, yule mzee mnene anayedhani kila mwanamke anamtamani, aliigizwa na Mtanzania Mrisho Mpoto, ambaye wasikilizaji wa redio wanamjua kwa mashairi yake ya kughani. Watu wanane walibeba mji mzima wa Windsor, wenye wahusika zaidi ya ishirini, kwa kubadilisha kofia, mwendo na lafudhi. Ufundi ule ule wa mlinzi aliyegeuka Ngurumo katika bwalo la shule ndio uliosimama mbele ya Waingereza katika jumba lililojengwa kwa heshima ya Shakespeare mwenyewe. Wakubwa wa sanaa wanaosema vikundi vyetu bado havijafika mahali pa kutazamwa wangefaa kulikumbuka jambo hilo.

Halafu kuna ukaribu. Katika ukumbi wa watu sitini, mwigizaji akimeza mate unamwona. Ukikohoa anakusikia. Hadhira yetu, hasa hadhira ya wanawake wa Pwani, haijui kunyamaza, na katika mchezo mdogo hiyo ni baraka. Nakumbuka onyesho moja la Mombasa juu ya ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao. Dada mdogo alikuwa amesimama mbele ya kaka yake, ameshika karatasi ya urithi, anasita kusema. Mama mmoja mtu mzima wa safu ya pili akashindwa kuvumilia.

"Mwambie, mwanangu! Usimwogope!"

Ukumbi ulicheka. Mwigizaji, bila kutoka katika uhusika wake, aligeuza uso kidogo na kujibu kwa sauti ya chini, "Namwambia, mama." Akamgeukia kaka yake, na maneno yaliyofuata yalikuwa na nguvu ambayo sina shaka hayakuwa nayo katika mazoezi. Baadaye nilimsikia mama yule nje akiwaeleza wenzake kwamba nyumba ya baba yake mwenyewe iliuzwa hivyo hivyo, na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amekuja na mjukuu wake kumtazama binti wa jirani akiigiza.

Sasa nitasema yanayonikera, kwa sababu mtazamaji anayesifu tu hamsaidii msanii.

La kwanza ni makelele. Waigizaji wetu wengi vijana wamelelewa na vichekesho vya runinga, na wanaamini kwamba kuigiza ni kukodoa macho, kuburura miguu na kupayuka. Katika bwalo lenye wanafunzi mia tano na kipaza sauti kibovu ninaelewa. Katika chumba cha watu hamsini, mwigizaji anayepiga kelele ananifukuza. Mzee anavaa shuka, anakunja mgongo, anatetemesha mkono na kukwaruza sauti, na huo ndio uzee wake wote. Wazee ninaowajua hawatetemeki hivyo. Wana namna ya kutafuta kiti kwa mkono kabla ya kukaa, wana namna ya kulirudia swali ili wapate muda wa kufikiri. Kijana anayetaka kuigiza mzee na akaketi asubuhi moja kwenye baraza ya kahawa akitazama tu, atarudi na mzee wa kweli.

La pili linanikera zaidi. Mchezo unakwisha, machozi yamekuja, giza limeingia, halafu taa zinawaka na mwigizaji mmoja anapiga hatua mbele kutueleza tumejifunza nini. Tusiwanyanyase mayatima. Tuwapeleke watoto wa kike shule. Tupige kura kwa amani. Kila kitu ambacho hadhira ilikuwa imeanza kukijenga kichwani kinabomolewa kwa dakika mbili.

Ninajua tabia hii imetoka wapi. Miaka ya 1982 na 1983, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, kufanya kazi ya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji. Wanakijiji wenyewe walichunguza matatizo yao, wakayatungia michezo na ngoma, wakaigiza, kisha wakakaa kujadiliana juu ya waliyoyaona. Baadaye wasomi hao hao walianzisha mradi wa Tuseme, kuanzia 1996, uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kusema kwa sanaa yale yanayowazuia kusoma. Kazi hizo ziliheshimu watu. Majadiliano ndiyo yaliyokuwa kiini chake.

Walioiga baadaye, kwa fedha za miradi ya UKIMWI, uchaguzi, maji safi na mengineyo, mara nyingi walichukua ujumbe wakaacha majadiliano. Mfadhili huandika mafunzo anayoyataka, kikundi huyavalisha nguo na kuyacheza sokoni, na mwisho huyatangaza ili mwenye kuandika ripoti ayasikie. Sivilaumu vikundi, maana mradi ndio uliolipa kodi ya nyumba zao. Lakini umeacha madhara mawili. Umewazoesha waigizaji kutomwamini mtazamaji, na umemzoesha mtazamaji kwamba mchezo wa kuigiza ni kitu cha bure, kinacholetwa na gari lenye nembo, pamoja na fulana na soda.

Husemwa kwamba watu wetu hawana desturi ya kulipia maigizo. Hilo silikubali. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano Cultural Troupe, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), vilijaza mabaa na kumbi za Dar es Salaam kila mwisho wa wiki kwa maonyesho yaliyochanganya ngoma, sarakasi, taarabu na mchezo wa kuigiza. Watu walilipa kiingilio mlangoni. Waliolipa walikuwa makuli, wauza samaki, makarani na mama ntilie, na wengi walikuja kwa sababu ya mchezo. Nairobi ya leo, kampuni ya Heartstrings imejijengea hadhira kwa vichekesho vipya vinavyokuja mara kwa mara, hivyo mtu anajua kwamba baada ya wiki chache kuna kingine. Too Early for Birds, iliyoanza 2017 kwa vijana wachache kusimulia historia ya Kenya kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng, imeujaza Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Watu hulipia kitu wanachojua kitakuwapo tena, na kinachowahusu.

Kinachokwamisha ni hesabu. Chukua ukumbi wenye viti 80 na kiingilio cha shilingi 500, bei ambayo nimeilipa mara nyingi Mombasa. Ukijaa, usiku mmoja unaleta shilingi 40,000. Kwa kawaida haujai. Chukua nusu, 20,000. Ondoa kodi ya ukumbi, ondoa fundi wa taa, ondoa nauli za tuktuk za kurudisha waigizaji nyumbani saa nne usiku, ondoa kushona maleba na kuchapisha mabango. Kinachobaki kigawanye kwa watu wanane waliofanya mazoezi mwezi mzima. Si ajabu kwamba mchezo huchezwa Ijumaa jioni, Jumamosi mara mbili na Jumapili, ukafa. Kukodi wikendi ya pili ni kujitia deni.

Na hapo ndipo moyo wangu huuma, kwa sababu nimejizoesha, kila ninapoweza, kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili. Tofauti ni kubwa mno. Ijumaa waigizaji wanakumbuka maneno. Jumapili wanasikilizana. Yule aliyekimbilia jibu lake usiku wa kwanza sasa anangoja, anamtazama mwenzake, kisha anasema neno lile lile, na ukumbi unatulia. Kicheko kilichokuwa cha kulazimisha kimepata mahali pake. Mpigangoma ameacha kupiga kila wakati na amejua wapi aache kimya. Mchezo umeanza kuwa mchezo. Kisha unaviringishwa, maleba yanarudishwa sandukuni, na kikundi kinaanza mwingine kwa sababu mwezi ujao kuna kodi. Tuna tamthilia nyingi zilizochezwa mara nne tu. Hakuna ajuaye zingekuwa nini zikichezwa mara arubaini.

Kumbi zenyewe zinapungua. Nairobi ilipoteza ukumbi mdogo wa Phoenix Players mwaka 2017, uliokuwa karibu na Bunge na ambamo waigizaji wengi wa Kenya walijifunzia kazi kwa miongo kadhaa. Bagamoyo, ambako tamasha la sanaa na utamaduni limekuwa likifanyika tangu 1982, jumba la chuo cha sanaa liliungua 2002, na lilipojengwa upya wasanii walipumua kote nchini. Jumba moja likiungua, kanda nzima inajua. Hii ni dalili ya uchache.

Anayedhani haya ni mambo madogo na awatazame wenye madaraka, maana wao hawajawahi kuyaona madogo. Oktoba 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ katika jukwaa la wazi walilolijenga kwa mikono yao. Hawakuwa wasanii wa kulipwa. Kabla Novemba haijaisha kibali kilikuwa kimefutwa, na mwaka ulipokuwa ukifungwa Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ilichukua hadi 2022 kwa tamthilia hiyo kurudi hadharani Nairobi, katika Ukumbi wa Taifa, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Nilisikia wazee waliosafiri kutoka Limuru wakiimba pamoja na waigizaji, na sidhani kuna mtu aliyekuwamo ukumbini siku ile anayehitaji kuelezwa nguvu ya tamthilia. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, mwezi mmoja baada ya wasichana wa shule ya Butere kuonyesha tena kwamba hofu ile ya wenye madaraka haijaisha.

Wasichana hao walikuwa wamefika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama za shule na mchezo ulioitwa Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa Seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Ulizuiwa, mahakama ikaamuru waruhusiwe kuigiza, na siku ilipofika wakanyimwa mwandishi wao, mapambo na vifaa. Polisi walirusha vitoa machozi nje. Wasichana waliingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Ni shule hiyo hiyo iliyokatazwa 2013 kuigiza mchezo mwingine wa mwandishi huyo huyo, kabla mahakama haijawaruhusu. Wanafunzi wa sekondari walitosha kuleta magari ya polisi. Serikali inayoogopa mchezo wa shule inakiri kwamba mchezo wa shule unasema kitu.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayasema wazi kwa kila anayehusika.

Walimu wakuu, kumbi zenu hulala tupu Jumamosi mchana na likizo nzima. Vikundi vya mtaani vipeni kwa bei ya umeme na ya mlinzi, na vyenyewe viwaigizie wanafunzi wenu vitabu vyao. Serikali za kaunti na halmashauri, hatuhitaji majumba ya mamilioni kuanza. Chumba chenye viti mia, taa nne zinazowaka na mlango unaofungika, kikikodishwa kwa wiki nne mfululizo badala ya siku tatu, kitabadilisha kazi ya kizazi kizima cha waigizaji. Waelekezi, ondoeni hotuba ya mwisho, punguzeni sauti, na mkipata mchezo uliowagusa watu, usitupwe. Urudisheni baada ya miezi mitatu, hata kwa usiku mmoja.

Na wewe msomaji: katika mji wako, wikendi hii au ijayo, kuna watu wanane wanaofanya mazoezi katika darasa au uga wa mtu. Tafuta bango lao. Nenda Ijumaa. Lipa kiingilio kamili, usiombe kuingia kwa kujuana. Kaa mbele, mpe mtoto kiti kando yako, na kama neno linakutoka katikati ya mchezo, liache litoke. Ukiisha, mtafute mwelekezi umwambie lililokugusa na lililokuchosha. Halafu rudi Jumapili na mtu mwingine.